Mbwa Kwenye Kiti cha Mbele

Kila Ijumaa mikono yangu ilikataa kutulia. Nilifagia mahali nilipokwisha kufagia. Nilifungua lango nikaangalia barabara, nikalifunga, kisha nikakumbuka kwamba hakuna aliyekuwa anakuja mpaka kesho yake. Mbwa alinifuata kila nilikokwenda, na yeye pia hakulala chini. Injini yoyote ikisikika inapanda kutoka Nakuru, alisimama akaanza kulamba midomo.

Nimezeeka nikiwafundisha wengine kungoja. Kanisani kwetu hapa Bahati nimeshika darasa la ubatizo kwa miaka mingi, na somo la saburi ndilo nililolipenda kuliko yote. Namshukuru Mungu kwa kunipa pumzi ya kulifundisha. Msimu ule niliona kwamba nilikuwa nimelifundisha nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri.

Mbwa alikuwa ameota uvimbe chini ya mkia, ukawa unatoa damu. Daktari anayetibu ng'ombe wetu alimtazama akasema ni ugonjwa ambao mbwa huambukizana wenyewe kwa wenyewe, na kwamba hupona kwa sindano ya mshipani kila wiki, mradi usikatize katikati. Ukikatiza, uvimbe unarudi, na safari hiyo haukubali dawa kwa urahisi. Yeye mwenyewe hakuwa na dawa hiyo. Akatuelekeza kwa daktari mwenzake, mwanamke mwenye kliniki ya wanyama kule Gilgil.

Mbwa huyu aliletwa na marehemu mume wangu, akiwa mdogo hivi, amefichwa ndani ya koti. Tangu tumzike mume wangu, mbwa amelala akiuziba mlango wangu, na asubuhi lazima nimruke ndipo nitoke. Naishi peke yangu. Sina haja ya kueleza zaidi.

Gari lilikuwa la mkwe wangu, mume wa kitinda mimba wangu. Wanakaa Kiamunyi. Binti yangu ni nesi na Jumamosi huwa kazini, kwa hiyo mkwe alikuja peke yake, na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Baba yangu aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka magharibi, akaja na desturi zake zote. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hatushikani mikono. Hatuli meza moja. Hatuketi kiti kwa kiti. Ukiwa na neno la kumwambia, unampa binti yako alifikishe. Kanisa halikuwahi kuikataza desturi hii, nami sikuona sababu ya kuiacha, maana nimeona nyumba nyingi ikizitunzia amani. Basi yeye aliendesha, mimi nikakaa nyuma upande wa pili, leso imenifunika magoti, na mbwa miguuni pangu.

Desturi nyingine ni yangu mwenyewe na ya kila mama ninayemjua: hakuna anayetoka kwangu kwenda safari na tumbo tupu. Jumamosi ya kwanza niliamka mapema nikamsongea mbwa ugali, nikamwagia mchuzi wa omena, nikamalizia kwa maziwa ya moto. Nilimwambia ale, safari ni ndefu. Akala akalamba sufuria.

Hatukuwa tumefika mjini. Barabara ya kushuka kutoka kwetu ina kona, na baada ya kona kuna matuta, na baada ya matuta kuna matuta. Mbwa alipiga miayo. Nikadhani ana usingizi. Akapiga tena, mdomo wazi mpaka nikaona koo, kisha mate yakamtoka kama uzi, kisha ugali wote, omena yote na maziwa yote vikatoka juu ya viatu vyangu na zulia la gari la mkwe wangu.

Nilitamani gari lifunguke chini niteremke. Mkwe aliangalia kioo.

“Si kitu, Mama,” akasema.

Akasimama penye bomba, akaosha zulia, akaosha mpaka chini ya kiti, bila kunitazama. Mimi nilisimama mbali na mbwa wangu, kila mmoja akimwonea haya mwenzake. Tuliporudi garini mkwe alianza kukimbiza gari. Alifikiri ataniheshimu kwa kunifikisha haraka. Nilirushwa kwenye kila tuta, mbwa akarushwa pamoja nami, na tumbo likiwa halina kitu alitapika povu. Ningemwambiaje mkwe wangu apunguze mwendo?

Jumamosi ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mkwe alikuja ametandika karatasi ya nailoni kwenye viti vyote. Mimi nilikuwa nimempikia mbwa uji wa wimbi badala ya ugali, nikidhani ugali ndio uliokuwa mzito. Sitaeleza zaidi. Gilgil tulifika mbwa akiyumba, macho yamezama, kifua chote kimelowa mate.

Daktari alimpandisha kwenye mizani. Alitazama, akatazama tena, akamshika ngozi ya shingo akaivuta, nayo ikachelewa kurudi.

“Mama, huyu amepungua sana tangu wiki iliyopita. Anakula?”

“Anakula vizuri, daktari. Leo amekunywa uji.”

“Na uji uko wapi?”

Nikaangalia chini. Mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoka nje.

Daktari alimchoma sindano siku hiyo, lakini aliniambia wazi. Dawa ile ni kali na yenyewe hupunguza hamu ya kula. Mbwa akiendelea kutapika safari nzima kisha asile akifika nyumbani, mwili hautaistahimili. “Akirudi wiki ijayo amepungua tena, sitamchoma. Nikimchoma nitamuua mimi badala ya uvimbe.” Kisha akanipa maelekezo. Asile chochote tangu jioni ya kuamkia safari, maji kidogo tu. Kidonge hiki apewe kabla ya kuondoka. Dirisha liwe wazi kidogo. Asilale chini ambako haoni kitu, akae juu, atazame mbele, ikiwezekana kiti cha mbele. Gari liende polepole. Na tumzoeze kukaa ndani ya gari lisilotembea, ili gari lisiwe kila mara ni mahali pa kuugua.

“Na miayo,” nikauliza, “anachoka?”

“Huyo hachoki, Mama. Hiyo ndiyo hodi ya matapishi. Ukiona miayo na kulamba midomo, simamisheni gari hapo hapo.”

Simamisheni. Neno dogo. Nililibeba mpaka Bahati bila kulisema, na tulipokuwa tunashuka mteremko wa Mbaruk mkwe alikuwa anapita malori.

Jioni hiyo nilimpigia binti yangu simu nikizunguka nyumba, maana kukaa sikuweza, nikamsimulia maagizo ya daktari.

“Mwambie mume wako anaendesha kama anayefukuzwa,” nikasema. “Mwambie kwa upole.”

Akacheka, akacheka mpaka nikakasirika.

“Mama, unajua yeye ameniambia nini wiki nzima? Nikwambie uache kumlisha huyo mbwa. Kwa upole.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Na wewe ungeniambia nimwambie, na yeye aniambie nikwambie. Mimi natoka zamu miguu imevimba, si posta. Ongeeni.”

“Unajua haiwezekani.”

“Basi ongeeni na mbwa,” akasema, akakata.

Nilikaa na hasira siku mbili. Nilisali, na sala yangu ilikuwa haitulii mahali pamoja. Nilianza na mbwa, nikahamia kwa binti asiye na heshima, nikarudi kwa mbwa. Nilijiuliza kama inafaa mtu wa umri wangu kumsumbua Mungu kwa ajili ya tumbo la mbwa. Kisha nikakumbuka kwamba ni Yeye aliyeliumba, na nikaendelea.

Ndani ya boma, pikapu ya marehemu imekaa juu ya mawe, haina magurudumu. Kuku hutaga ndani. Nikawaondoa kuku, nikatandika gunia, nikampandisha mbwa kiti cha abiria, nami nikakaa kwenye usukani. Siku ya kwanza alitetemeka, akatoa mate kama gari linaenda. Nikampa kipande kidogo cha nyama tukashuka. Kesho yake tena, mara asubuhi na mara jioni. Nilimwimbia pambio. Nilizungusha usukani kidogo ili ajue ni gari kweli.

Lango lilikuwa wazi, na vijana wa bodaboda wanaosimama hapo nje walituona.

“Mathe, niaje? Safari ya wapi leo?”

“Gilgil.”

“Na mtafika saa ngapi na hayo mawe?”

“Tutafika kabla yako. Wewe umekaa hapo tangu asubuhi hujapata hata abiria.”

Wakacheka, wakaanza kupiga honi kila wakipita. Nikaona kwamba hata hiyo ni faida, azoee honi. Kufikia Alhamisi mbwa alikuwa anapanda mwenyewe. Alhamisi hiyo hiyo alimaliza chakula chake cha jioni, na asubuhi yake akamaliza tena. Nilishukuru, lakini ubavu wake nilikuwa bado nauhesabu kwa vidole.

Ijumaa jioni alikuja kusimama mbele yangu jikoni, akanitazama, nami sikumpa kitu. Katika mambo yote niliyofanya msimu ule, hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nilijisikia mama mbaya. Nilimpa maji kidogo, nikatoka nje, nikafungua lango, nikalifunga.

Jumamosi ya tatu, mkwe alishuka garini akasimama kando ya mlango wa mbele. Hakunisalimu kwanza. Aliinama akamsalimu mbwa.

“Boss, sasa? Mke wangu ameniambia leo wewe unakaa mbele.”

Nami, sijui nilitoa wapi ujasiri, nikamjibu kupitia mbwa yule yule.

“Mwambie umeshukuru. Mwambie hujala kitu.”

“Hujala? Hapo umetusaidia, boss.”

Tukamfunga mkanda. Mimi nikakaa nyuma mahali pangu, nikapitisha mkono katikati ya viti nikaushikilia mgongo wake. Ndivyo tulivyoondoka, mbwa amekaa mbele kama mgeni wa heshima, anatazama barabara.

Kwenye matuta ya kwanza mkwe alipunguza mwendo kuliko baiskeli. “Hapo vipi, boss?” Nikasema, “Mwambie hapo ni sawa.” Kwenye kona akauliza tena. Kabla ya mjini nilikuwa nimemweleza mbwa habari za dirisha, za kidonge na za pikapu, na mkwe akamweleza mbwa kwamba nailoni ile ilimfedhehesha kuliko matapishi yenyewe, alijua mama ataiona, lakini gari si lake lote, ni la mkopo. Hatukuwahi kuzungumza maneno mengi namna ile tangu amwoe binti yangu.

Lakini kwenye barabara kuu mambo yalibadilika. Malori yalijaa. Lori moja lilikuwa nyuma yetu, taa zinamulika, honi inalia, na mkwe akakanyaga mafuta. Nilihisi mgongo wa mbwa unakakamaa chini ya kiganja changu. Akalamba midomo. Akapiga miayo.

“Mwambie apunguze,” nikamwambia mbwa.

Honi ilimeza sauti yangu. Mkwe alikuwa anatazama kioo. Uzi wa mate ukaanza kushuka. Niliona mizani ya daktari. Niliona mlango wangu asubuhi, hakuna wa kumruka.

“Simamisha gari, Baba,” nikasema. Nilisema kwa sauti ya darasani, nikimwelekea yeye, jicho kwa jicho katika kile kioo. “Simamisha sasa hivi.”

Akawasha taa ya kando akatoka barabarani mpaka kwenye majani. Lori likapita likitutukana. Nilimfungua mbwa, nikashuka naye, tukatembea pale ukingoni, huku na huku, upepo wa ziwa Elementaita ukipiga leso yangu. Alitafuna nyasi. Alikohoa mara moja, nami nikashika pumzi. Akapiga chafya, akajikung'uta masikio, akainua mguu kwenye nguzo.

Mkwe alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini. Nilijua nimevunja kitu. Sikujua kama ni kitu cha kuungwa tena, na nilikuwa na wasiwasi kiasi kwamba sikuweza kuomba radhi wala kutoomba.

“Twende?” akauliza. Aliniuliza mimi.

“Twende polepole.”

Gilgil mbwa alishuka kwa miguu yake. Kifua kilikuwa kimelowa kidogo, basi. Daktari alimpandisha kwenye mizani, na huyo mbwa kwa furaha ya kutoumwa akawa hasimami, anageuka geuka, namba haitulii. “Mshikeni,” daktari akasema. Mkwe akashika nyuma, mimi nikashika kichwa. Hakuna aliyepumua, nadhani hata mbwa.

“Hajapungua,” daktari akasema. “Ameongeza kidogo.” Akaenda kwenye friji kuchukua dawa.

Wakati wa sindano hatukuachia. Mkono wa mkwe ulikuwa karibu na wangu juu ya manyoya yale, kiasi cha kidole, na sote wawili tukautazama mshipa.

Tulipokuwa tunatoka Gilgil, mkwe alikirekebisha kioo. Kisha akasema, bila kumtaja mbwa:

“Mama, nikienda kasi, niambie.”

“Nitakuambia.”

Na kabla hatujafika Kariandusi, hapo karibu tu, nilikuwa nimemwambia mara mbili.