Mwezi Niliofunga kwa Ajili ya Kiuno

Kiti kilinivunjikia matangani, kwetu Kaloleni, mbele ya ukoo mzima. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kukodi, na huenda kilikuwa na ufa tangu mwanzo, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema mimi nikiwa bado chini, miguu juu, leso imenipanda magotini. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Wanaume walikuja kuniinua, wakaambizana "haya, pamoja" kama watu wanaohamisha kabati, kisha mmoja wao akachukua viti viwili, akavipachika kimoja ndani ya kingine, akavipangusa kwa kiganja na kuniambia kwa adabu kubwa, "Keti hapa, shangazi. Hivi havivunjiki." Tangu siku hiyo, kila nikifika kwenye shughuli ya ukoo, huwekewa viti viwili kabla sijamaliza kusalimia watu. Wananiheshimu, najua. Ningependa wasiniheshimu namna hiyo.

Nilirudi Mishomoroni, mjini ninakopanga, nikiwa nimeapa kupungua.

Nilianza na chai. Mwenzangu kazini alikuwa akiiuza, pakiti ya kijani yenye picha ya mwanamke asiye na tumbo kabisa. Kazi yangu ni ya ofisini, huko Changamwe, kukaa na makaratasi ya mizigo kutoka asubuhi hadi jioni, na mwenzangu aliniapia kwamba chai hiyo itanisafisha. Ilinisafisha. Ambacho pakiti haikusema ni kwamba yule mwanamke wa kwenye picha hakai nyumba ya kupanga yenye choo kimoja. Sisi vyumba vyetu vinatazamana, ua uko nyuma, na choo cha wote kiko pembeni mwa ua. Kuna asubuhi niligonga mlango wa choo kile nikimsihi aliyekuwa ndani kwa jina la mama yake mzazi. Wapangaji wenzangu walidhani nimeshikwa na kipindupindu. Mmoja alinikorogea maji ya chumvi na sukari, akasimama pale mpaka nikayamaliza, nami nikayanywa na kumshukuru. Ningemwambia nini?

Baada ya chai ukaja mkanda wa tumbo, ule wa kulabu. Niliuvaa kanisani Jumapili ya joto kali, na katikati ya nyimbo za sifa, wakati wa kuruka, kulabu zikaachia moja baada ya nyingine. Mama aliyekuwa mbele yangu aligeuka kutazama nini kimechanika. Kisha siki ya tufaha, iliyoniunguza koo. Kisha mayai ya kuchemsha na matango, mpaka wenzangu ofisini wakaanza kufungua madirisha bila kusema kitu. Vifaa vyote hivyo nilivificha ndani ya mfuko chini ya kitanda, mahali mtu mwingine angeficha chupa za pombe.

Na sababu ya kuficha ni hii: sikuona haya kwa unene peke yake, niliona haya kutaka kupungua. Kwetu mwanamke alifungwa hando, ile sketi nyeupe ya marinda mengi, makusudi nyonga zake zionekane kubwa. Nyanya yangu alizitafuta nyonga kwa vitambaa. Mimi nimepewa za bure, nazikimbia. Mama yangu akiniona nimenenepa humshukuru Mungu kwa sauti. Sasa utamwambia mtu wa namna hiyo kwamba umenunua dawa ya kuondoa kile anachokishukuru? Nilijiona mjinga na mkosa shukrani, na kesho yake nilitafuta njia nyingine.

Sasa nimtaje jirani yangu. Mlango wake unatazamana na wangu. Ni mama wa Kiislamu, mjane, umri wake ni wa mama yangu, na riziki yake ni mahamri na mbaazi anazouza barazani asubuhi. Nikipita kwenda kazini nikitoa shikamoo, marahaba yake hunifuata mpaka njiani. Siku chache kabla ya Ramadhani aliniita, nikaitika abee, akanikalisha mkekani na kunieleza jambo lililokuwa likimkosesha usingizi. Binti yake wa pekee alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, kabla mimi sijahamia pale. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Sasa Ijumaa zilikuwa zikipita kimya, simu yake haipatikani, na wakala aliyempeleka hapokei.

"Sina wa kumwambia, mwanangu," alisema. "Nikiwaambia jamaa zangu watasema mimi mwenyewe ndiye niliyemruhusu."

Nilimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli, nikamshika mkono. Kisha nikaingia kwangu, nikavua mkanda uliokuwa ukinikata mbavu, nikafungua simu kutafuta njia mpya ya kupungua.

Njia mpya ilikuwa njaa. Simu ilisema mtu akikaa saa nyingi bila kula, mwili huanza kuyala mafuta yake wenyewe. Na Ramadhani ndiyo hiyo inaingia! Nyumba nzima ingekuwa kimya mchana, hakuna harufu ya vitunguu vikikaangwa, hakuna wa kunikaribisha chakula. Niliona kama mwezi huo umeandaliwa kwa ajili yangu. Nikafunga pamoja na wapangaji wenzangu Waislamu, bila kumwambia mtu.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa nyumbani. Jirani yangu alikuwa uani akipepeta mchele, akaona jiko langu halijawashwa tangu asubuhi na midomo yangu imekauka.

"Mwanangu, wafunga?"

Ningeweza kusema tumbo linaniuma. Nikasema, "Ndio, mama. Nafunga."

Aliuweka ungo chini. Alinitazama, na machozi yakamjaa.

"Mashallah," akasema. "Nilijua. Nyinyi watu wa kanisa hamfungi ovyo, mwafunga mukiwa na haja kwa Mungu. Nami juzi tu nimekwambia yangu. Wallahi, hata ndugu zangu wa tumbo moja hawajanifanyia hili."

Ilinichukua muda kuelewa ameelewa nini. Kufikia hapo alikuwa ameshaushika mkono wangu na kuubusu. Mimi, kubusiwa mkono na mtu ninayempa shikamoo! Nikafungua mdomo nimwambie, adhana ya alasiri ikaanza, akaondoka kwenda kutia udhu. Nikajiambia nitamwambia jioni.

Jioni likaja sinia, limefunikwa kawa. Nilikuwa nimejiandalia yai moja na tango. Nilipoinua kawa nikakuta mihogo ya nazi, samaki wa kupaka, tambi za sukari, kaimati zinang'aa kwa shira, na tende pembeni. Alisimama mlangoni kuhakikisha nafungua vizuri. Nilikula. Nisiseme uongo, nilikula mpaka nikalegeza leso. Na kwa kuwa pwani sahani ya jirani hairudishwi tupu, kesho yake ilinibidi nipike. Nilimpikia kimanga cha kwetu, mihogo iliyopondwa pamoja na kunde, akakisifu mno, akanijibu kwa mkate wa kumimina. Basi tukawa tunajibizana hivyo kila siku. Isitoshe alikuwa akinigongea kabla ya alfajiri: "Amka, mwanangu, kula daku, saumu isikuchoshe." Sikuwahi kula daku maishani mwangu. Nilikula daku.

Hivyo nikawa mtu anayekula shibe mara mbili gizani na kusinzia juu ya makaratasi ya mizigo mchana. Katikati ya mwezi nilikwenda kujipima uzito kwenye duka la dawa. Mshale ulipita pale ulipokuwa zamani. Nilishuka, nikavua viatu, nikavua hereni, nikapanda tena. Muuzaji aligeuza uso akajifanya anapanga chupa. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na hasira zangu zote zilikuwa juu ya kaimati, kana kwamba zilijiingiza mdomoni zenyewe.

Kwa nini sikuacha? Kuacha kulihitaji maelezo, na kila siku maelezo yalizidi kuwa magumu, kwa sababu alikuwa amewasimulia wenzake. Wanawake waliokuja kwake kununua futari, maana mwezi ule aliuza jioni, walinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. Mmoja alimwambia mwenzake, "Ndiye huyu," na mwenzake akaweka mkono kifuani. Siku nyingine niliachiwa tende mlangoni, zimefungwa vizuri kwenye karatasi, na aliyeziacha sikumjua. Nilizimaliza zote.

Jambo baya zaidi lilikuwa magharibi. Alipenda tufuturu pamoja ukumbini, na kabla ya kuonja kitu alikuwa akiinua mikono yake na kuniambia, "Omba, mwanangu. Dua ya mfungaji saa hii yasikika." Yeye aliomba kwa namna yake, nami niliinamisha kichwa. Alidhani namwombea binti. Mungu anajua nilichokuwa nikiomba. Nilikuwa naomba tumbo lipungue. Niliomba nguo niliyoshona kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu inienee, niliomba mshale urudi nyuma, kisha nikasema amina pamoja naye na kunyoosha mkono sinia.

Mwezi ukaandama na simu ilikuwa haijalia. Asubuhi ya Idi alikuja kwangu na sinia la biriani. Alikuwa amevaa nguo mpya na amejipaka wanja, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia. Nilimpa mkono wa Idi, nikamkaribisha kitini. Hakuketi.

"Nimefikiri usiku," akasema. "Wewe ulifunga na nia safi, na si mwanao, si dini yako. Kama dua yako haikupita, basi mimi ndiye niliyeizuia. Saumu yangu ndiyo mbovu. Nilimwacha aende kwa kuwa nilitaka anitengenezee nyumba, na Mungu ameliona hilo. Ndilo nililokuja kukwambia. Usidhani kosa ni lako."

Nilitaka sakafu inimeze. Niliweza kuvumilia kusifiwa nisichostahili, nilikuwa nimeshazoea, lakini siyo kumwona mama yule amesimama mlangoni kwangu siku ya Idi akijitwika lawama ili mimi nisijisikie vibaya.

"Mama," nikasema, "sikufunga kwa ajili yake."

Alinitazama bila kuelewa.

"Nilifunga nipunguze mwili."

"Mwili wa nani?"

"Wangu." Na kwa kuwa bado hakuonekana kuelewa, nililishika tumbo langu kwa mikono miwili nikamwonyesha. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Katika yote, kile kitendo ndicho kinachonirudia nikiwa peke yangu, nafumba macho hata kama naosha vyombo.

Alilitazama tumbo. Akalitazama sinia. Nilingoja anitukane, na kwa kweli nilitamani anitukane, ningejua pa kushika.

"Na zile magharibi zote," akasema taratibu, "tulipokuwa tukiomba. Hukumtaja?"

"La, mama."

"Hata siku moja?"

Ningeweza kumpa moja. Hakuna ambaye angejua. "Hata siku moja," nikasema.

Nje watoto walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba na viatu vyao vipya. Aliliweka sinia juu ya meza, akalirekebisha kawa, akarudi kusimama mbele yangu na kufungua viganja vyake.

"Basi mwombee sasa," akasema. "Muombavyo nyinyi. Nasikiliza."

Kanisani kwetu mimi ndiye nipewaye maombi marefu. Nikisimama kuomba, kwaya huketi kwanza. Nilifumba macho, sauti ikatoka bila taabu, ile yangu ya Jumapili: Ee Baba wa mbinguni, twamleta mbele zako binti yako... Na hapo ndipo mahali pa jina. Sikuwa nalo. Mwezi mzima nilikula kwa ajili yake na sikuwa na jina lake. Bila shaka alikuwa amenitajia, siku ile mkekani, na mimi sikulishika. Nilibaki nimefumba macho, maneno yamekatika, viganja vyake viko wazi karibu na kifua changu. Nilijua akisubiri zaidi kidogo atalielewa na hili pia.

Nikafumbua macho, nikamwuliza.

"Anaitwa nani, mama?"