Neno 'meza' lilivyombakisha Rukiya kazini Dubai

Wageni hawajashuka bado kwa kifungua kinywa, na Rukiya Taib anaandika meza katika hoteli moja ya Deira, Dubai. Anamwomba mwenzake Mfilipino, Marisol, wasogeze moja karibu na dirisha.

"Mesa?" anauliza Marisol.

"Meza," anajibu Rukiya, na wote wawili wanacheka.

Mzaha huo una historia yake. Rukiya, 31, mzaliwa wa Mombasa, alifika hapa mwaka 2014 na Kiingereza cha kubabaisha. Akiwa bado katika miezi ya majaribio, msimamizi wake Mganda, Linus, alimwonya kuwa akikosea tena atarudishwa nyumbani.

Asubuhi moja, bibi mmoja kutoka Romania aliketi, akamtazama, akasema, "Masa." Rukiya akasikia 'meza', akadhani bibi hakuipenda aliyoketi, akamhamishia nyingine. Bibi akarudia neno lile lile. Akamhamisha tena.

"Aliposema mara ya tatu niligeuka," anasimulia. "Linus yuko pale, ananitazama."

Mtoto wa kiume wa bibi yule alipoingia na kuelezwa, alicheka mpaka akashikilia kiti. Kwao, alisema, neno hilo ni meza na pia ni mlo. Mama yake alikuwa na njaa tu.

Rukiya akamwambia kwamba hata Mombasa ni meza, neno walilotuachia Wareno. Mwanamume huyo akafurahi. Asili yake ni Kilatini, mensa, alieleza. Wareno na Wahispania husema mesa, na kwa Waitaliano mensa siku hizi ni kantini. Marisol, aliyekuwa akihudumu karibu, akadakia kwamba Wahispania walilifikisha mpaka kwao Ufilipino.

"Bibi alinishika mkono, hataki kuniachia," anasema Rukiya. "Akamwambia mwanawe amweleze Linus kuwa anataka nimhudumie mimi kila siku."

Khalas, maneno ya kurudishwa yakaishia hapo. Linus akamkabidhi wageni wanaosema mesa, wa Brazil, Ureno na Hispania.

"Wafaransa ndio walioniangusha," anacheka. "Wao wana neno jingine kabisa."

Leo Rukiya ni kiongozi wa zamu. Ijumaa anampokea mama yake, aliyemsomesha kwa kupika katika nyumba za watu, na Linus amekubali mama huyo ale hotelini.

"Mama amezoea kula jikoni kwa watu, amesimama," anasema. "Inshallah Ijumaa ataketi, nimpakulie mimi. Asiinuke hata kufuata chumvi."