Leso Iliyodondosha Herufi

Nilipokuwa nauza leso dukani kwa tajiri mmoja wa Malindi mjini, lilifika robota lenye kosa. Jina la leso, yale maneno yaandikwayo kwenye kanga, lilitakiwa liwe HASIDI HANA SABABU. Huko kiwandani herufi moja ikadondoka, ikawa HASIDI ANA SABABU. Tajiri alishika kichwa, mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Kumbe kila mwenye mke mwenza alikuwa akiitafuta leso hiyo hiyo! Iliisha, zile zilizo sawa zikabaki kula vumbi, na robota lililofuata kiwanda kikatuletea zenye kosa tupu.

Nyumbani Muyeye, shangazi aliyenilea alikuwa akitibiwa kifua kikuu. Alimeza vidonge kama anayefanya ibada: bismillahi, maji, kisha ananifunulia kinywa nione ulimi mtupu. Nami humwambia akipona tutafungua duka letu wenyewe, mlango wa rangi ya waridi. Hucheka, kisha hukohoa.

Hakupona. Makohozi yalipopimwa tena, daktari alimtazama kama mwizi wa kuku.

“Mama, dawa ulikuwa ukizitupa wapi?”

“Nilimeza zote.”

“Wote husema hivyo. Sasa una TB sugu, dawa zile hazikushiki tena.”

Sijui nani aliifikisha habari uani kabla yetu. Jirani wa chumba cha mkabala alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuinua hata uso.

“Ahaa! Ndiyo maana kuku wangu hawakohoi.”

Ua mzima ukacheka. Shangazi akasimama palepale na mfuko wake wa dawa.

“Nilimeza zote, wallahi.”

“Usiape, dada. Kuku ni mashahidi.”

Tangu siku hiyo hata watoto wakimwona hulia kama kuku. Shangazi hakutaka kuhurumiwa. Alitaka jambo moja, aaminiwe, na yule jirani kuliko wote.

Miaka ile TB sugu ilikuwa bado ikitibiwa kwa sindano. Daktari alituambia waziwazi kuwa huenda zikala masikio, achague masikio au roho. Shangazi akachagua roho, akanikonyeza: “Afadhali, sitamsikia yule wa kuku.” Masikio yakaanza kupiga mluzi, kisha mluzi nao ukakatika. Kifua kilipona. Nikimwita kwa nyuma, haitiki.

Baadaye jirani naye akaanza kukohoa. Akapimwa, akakutwa na TB sugu siku ya kwanza tu, naye hajapata kuonja kidonge cha kifua maishani. Nilikuwa nimemsindikiza, maana nduguze walikataa.

“Sasa mimi nimetupa nini, daktari?” aliuliza.

Daktari akakuna shingo. Alisema vijidudu hivi huzaana kwa kujinakili, na mara mojamoja nakala hutoka na kosa. Hakuna anayevifundisha, hukosea tu. Dawa haiundi kosa. Huwaua wenzake, aliyekosea akabaki na nyumba nzima. Kijidudu huyu wa uani kwetu huenda alikosea zamani, kifuani mwa mtu tusiyemjua, akatuingia akiwa sugu tayari.

“Kama leso zetu,” nikasema. Hakunielewa. Nikamuuliza, “Kwa hiyo shangazi?”

“Huenda alimeza zote.”

Alitamka hivyo huku akiandika, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Jirani akapewa vidonge tu. Sindano, akaambiwa, zimeachwa.

Tulipofika uani jirani alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa shangazi, akapiga magoti, barakoa usoni.

“Dada, nisamehe. Ulimeza zote. Mimi ndiye niliyekutia midomoni mwa watu.”

Shangazi aliona macho yaliyojaa maji na mabega yanayotikisika. Mdomo hakuuona. Nilimpungia mikono, nikaonyesha kidonge, nikaonyesha koo, nikatikisa kichwa kukubali. Kusoma hajui, la sivyo ningemwandikia. Aliniangalia, akamwangalia jirani, kisha akavuta leso yake mabegani.

“Wacheka tena?” akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. “Mpaka kwenye mkeka wangu?”

Jirani akatikisa kichwa, akazidi kulia. Mabega yakazidi kutikisika.

Shangazi akanigeukia, akafunua kinywa, akanionyesha ulimi.

“Nilimeza zote,” akasema.