Chumvi ya Ng'ombe kwa Tumbo la Nguruwe

Mume wangu anajua ng'ombe. Hilo silibishi, na hata ningebisha angekuwa wa kwanza kunikumbusha. Shida ilianza pale alipoamini kwamba anayejua ng'ombe ameshajua kila kitu chenye kwato.

Nguruwe walikuwa wangu. Kwetu Susuni ng'ombe ni wa mwanamume, hata yule ninayemkamua mimi kila asubuhi. Mbuzi vilevile, na kuku pia wakishakuwa wengi. Nguruwe, wanaume waliwaona uchafu, wakawaacha, nami nikaona hapo ndipo pa kupitia. Uchafu huohuo ukikaangwa na ndizi pale Sirari mpakani waliufuata kwa miguu yao wenyewe, wakarudi wakijifuta midomo. Nikajenga banda, jike langu likazaa, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikawa na mifugo ya kwangu mwenyewe. Mume wangu alisema neno moja tu: siku hao watoto wakifa, banda analibomoa.

Nilipowaachisha kunyonya, wakaanza kuhara. Ndivyo walivyo watoto wa nguruwe. Tumbo lililozoea maziwa likikutana ghafla na pumba na mashudu, linagoma. Nikaenda Sirari kwenye duka la dawa za mifugo, na muuzaji, mwenye Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, akanipa pakiti ya unga wa kuchanganya na chakula.

"Hii si dawa ya kuua, mama," akasema. "Iko na vidudu vizuri vya tumbo. Weka kidogo tu kwa chakula yao, na maji isikose."

Nikafanya hivyo. Kinyesi kikaanza kukaza, wakaanza kusukumana horini. Nilifurahi peke yangu, maana kumwambia mume wangu habari za kinyesi cha nguruwe ilikuwa sawa na kumtukana.

Kisha ikaja habari kwamba mama yangu kule Issenye ameanguka na kuvunjika mguu. Kabla ya kuondoka nikamwonyesha mume wangu pakiti, kijiko na ndoo ya maji. Alisimama mikono nyuma, akitazama pembeni.

"Mimi nachunga tangu sijatahiriwa," akasema. "Leo unifundishe kulisha?"

"Hawa si ng'ombe, baba."

"Mnyama ni mnyama."

Niliporudi nilikuta banda kimya. Wengi walikuwa wamelala ubavu, wamekufa. Waliobaki walikuwa wanayumba na kugonga ukuta kwa pua kana kwamba hawauoni. Ndoo ilikuwa imefudikizwa chini, kavu. Horini kulikuwa na unga mweupe mwingi, nikadhani amemwaga pakiti nzima. Nikaonja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa chumvi.

Alinieleza bila haya yoyote. Ng'ombe wake wakidhoofika huwapa chumvi, wakalamba, wakanenepa. Kijiko changu cha unga alikiona ubahili, kwa hiyo akawapa nguruwe chumvi ya ng'ombe, tena ya kutosha, kama heshima. Maji akayaondoa, kwa sababu kwa akili yake anayehara ukimpa maji unamzidishia. Nguruwe mdogo akila chumvi nyingi akanyimwa maji, kinachoharibika ni kichwa. Hilo hakulijua, wala hakuwa na mpango wa kulijua. Jioni ileile alikuwa ameshawaambia wenzake kijiweni kwamba unga wa Sirari ndio ulioua. Wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wataalamu wale, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumtupia nguruwe ganda la ndizi.

Waliobaki niliwapa maji kidogo kidogo mpaka wakaweza kusimama vizuri.

Asubuhi mume wangu akaja na nyundo. Alipouona uso wangu akaiweka chini. Akaenda zizini, akarudi akiswaga ndama jike mwekundu.

"Chukua huyu," akasema. "Yaishe."

Kwa mwanamume wa kwetu hilo ni jambo kubwa, na najua wazee wangemsifu. Mimi nikamtazama ndama. Sikioni alikuwa na alama ya mume wangu.

"Atalala wapi?" nikauliza.

"Zizini, na wenzake."

"Na siku ya kumuuza, utaniuliza?"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Swali lenyewe lilimchekesha kwelikweli.

"Wewe mama," akasema, "tangu lini ng'ombe akauzwa kwa kumuuliza mwanamke?"

"Basi mrudishe," nikamwambia, nikaenda kuwatekea maji nguruwe wangu.