Gauni la Kupandia Joka

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mimi mkutubi ndiye ninayemwazimisha riwaya za majoka na wachawi. Anataka shujaa awe mwanamke, tena mwanamke kweli. Kila kitabu hukianzia ukurasa wa vita, akamkagua shujaa kama mteja aliyekuja kupimwa.

"Huyu anapanda joka na gauni la kubana mapaja!" alinifokea siku moja, akinirudishia cha nne. "Mshono utaachia joka halijaruka bado. Na kisu ataweka wapi, hana hata mfuko? Aliyeandika hajawahi kumwona mwanamke akipanda ngazi!"

Nikampa cha tano. Humo binti anachana gauni lake la harusi, analishona upya liwe suruali yenye mifuko minne, ndipo anapanda joka.

Wiki tatu kimya. Nikamfuata kazini.

"Shangazi, kile kitabu kiko wapi?"

"Kimepotea," akasema bila kupepesa macho, na huku amekikalia. Utepe wake wa kupimia ulichungulia katikati ya kurasa.

Ukutani lilining'inia gauni la bibi harusi wa Jumamosi. Nikalipapasa. Mifuko minne.