Jogoo wa Mgeni

Mashehe wanatuambia kusamehe ni bora, nami nakubali. Ila mimi sijasamehe, na usingizi ninaupata vizuri tu.

Rafiki yangu alikuwa mwalimu Bukoba. Mimi niko Magomeni, Mtwara. Tulikutana kwenye ukurasa wa wasomaji gazetini: aliomba mtu wa kubadilishana naye riwaya za upelelezi, nikajibu. Simu tulikuwa nazo, lakini tulikubaliana tusipigiane, tuandikiane. Akimaliza kitabu anakituma kwa basi pamoja na barua, nami namtumia changu. Tulibishana juu ya wauaji wa vitabuni kana kwamba wamepanga nyumba ya pili. Picha yake niliiweka kabatini, juu ya vitabu vyake.

Mama hakujua kusoma, barua nilimsomea mimi. Kila mara rafiki yangu alipoandika kwamba atakuja, mama aliteua jogoo bandani. "Huyu wa mgeni, msimguse." Idi zilipita tunakula samaki huku jogoo anatukanyagia uwanja. Akizeeka, mama aliteua mwingine.

Mwaka juzi mpwa wangu, mhudumu wa hoteli hapa mjini, alirudi nyumbani kanuna. Walimu wa mikoani walikuwa na semina ya wiki nzima, na mmoja wao mpwa wangu alimtambua kwa ile picha ya kabatini. Alimpelekea chai, akamwuliza, "Shikamoo mwalimu. Huku Mtwara una wenyeji?"

"Marahaba. Huku sina mtu, mwanangu."

Kutoka hotelini mpaka kwetu kwa bajaji, chai haijapoa umeshafika. Nilijipa moyo kwamba anataka kutushtukiza. Nilifagia uwanja kila asubuhi mpaka semina ikaisha na walimu wakaondoka. Barua yake iliyofuata ilisema, "Iko siku nitaiona hiyo Mtwara yenu." Nilimsomea mama hivyo hivyo. Alifurahi, akaenda kumtupia jogoo mtama.

Mama alifariki kabla ya msimu wa korosho, bado anamngoja mgeni. Nikaletewa rambirambi kutoka Bukoba: "Natamani ningemwona mama japo mara moja."

Niliisoma nimesimama. Kisha nikachukua riwaya niliyokuwa nimpelekee, nikakata ukurasa wa mwisho kwa wembe, taratibu, karibu na mshono. Akutendaye mtende. Sijawahi hata kukunja pembe ya kitabu maishani mwangu, lakini siku ile nilikata na nikaona raha. Cha pili nikakata pia. Aliwalaumu wachapaji wa siku hizi. Cha tatu kilipomfikia akaandika: "Dada, nimeupapasa mkato kwa kidole, huu ni wembe. Nimekukosea nini? Sijui nani kaua, na sijui wewe una nini. Shule zikifungwa nakuja."

Sikumjibu. Zile kurasa nilizokata nilizifunga kwenye khanga ya mama.

Akaja kweli, safari hii, toka Bukoba hadi Mtwara kwa mabasi, miguu imevimba, mkononi kashika mfuko wa kahawa. Jirani yangu ndiye aliyemkuta dukani anauliza, akamleta mpaka uwanjani. Jogoo alikuwa anachakura karibu na mlango. Mwalimu alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, na aliponiona alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Nami, nisiseme uongo, miguu ilitaka kwenda kumpokea.

"Nimekuletea mgeni wako," jirani akasema.

"Kakosea nyumba," nikamjibu. "Huyu huku hana mtu."

Jirani alicheka, akidhani ni utani. Mgeni hakucheka. Alinitazama, akalitazama kabati lililoonekana mlangoni na picha yake juu ya vitabu, na nikaona anakumbuka. Aliweka kahawa chini, akageuka kurudi barabarani.

Jioni nilimwomba jirani amchinje jogoo. Nilimpika kwa nazi, tukamla wote, na mpwa wangu nikampa paja.