Maganda ya Kaa Vichwani mwa Wateja Wangu

Kwa miezi miwili niliwapaka wanawake wa mtaa wetu wa Uvira jeli ambayo sikujua imetoka wapi.

Nina saloni ndogo ya kusuka, karibu na ufuko wa ziwa. Jeli aliniletea mdogo wangu, mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, ndani ya vikopo vya mayonezi alivyoviosha vizuri. Haikuwa na harufu mbaya, na nywele zilizoungua kwa dawa ya kulainisha zilikubali chanuo bila kukatika. Nilipomuuliza ni nini, alijibu, "Ni kitu cha asili, yaya," kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa. Kwa kuwa iliteleza kama bamia, nikaamua mwenyewe kwamba ni bamia.

Asubuhi moja jeli iliisha nikiwa na mteja kitini: mama mmoja Msabato, mwimbaji wa kwaya, aliyeanza kuja kwangu nywele za mbele zilipokuwa zinamtoka. Nilimwomba anisubiri, nikachukua pikipiki hadi kwa mdogo wangu.

Nilimkuta uani amevaa glavu, anakoroga sufuria juu ya makaa. Pembeni, juu ya turubai, yalikuwa yametandazwa maganda ya kaa: magamba, miguu, makucha, na nzi juu yake. Nikaziba pua.

"Unapikia nani kaa wote hawa?"

"Si ya kula, yaya. Ndiyo jeli yako."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba anaokota maganda yanayotupwa na wavuvi, anayakausha na kuyatwanga, anayaloweka kwenye asidi, kisha anayachemsha na soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Anaosha tena na tena mpaka vinabaki vipande vyeupe, na hivyo vinayeyuka katika siki. Vikipakwa, vinaushika unywele na kuufunika.

Nikakaa juu ya ndoo.

"Weye unajua minye kwa mikono yangu nasuka nani? Wasabato hawali kaa! Na shangazi, mwenye anavimba uso akila kaa? Nimemupaka mara tatu!"

Hapo mdogo wangu aliacha kukoroga. Niliona usoni mwake kwamba hakuwa amemfikiria shangazi hata kidogo.

"Alivimba?" akauliza polepole.

"Hakuvimba. Lakini weye hukujua kama hatavimba."

Nilirudi saloni mikono mitupu. Njiani nilitunga uongo wa namna mbili tatu, lakini nilipomwona yule mama ananitazama kwenye kioo, wote ulinitoka. Nikamwambia yote.

Alipeleka mkono kichwani, halafu akautoa haraka kama aliyegusa moto.

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

"Nimeimba mbele ya kanisa na hiyo kitu kichwani." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Unioshe."

Nilimwosha mara tatu. Akafunga kitenge juu ya nywele mbichi, akaondoka bila kuniaga. Nilibaki nimesimama na taulo mkononi.

Siku hiyohiyo mdogo wangu alikwenda kuomba msamaha, kwanza kwa shangazi, kisha kwa yule mama. Shangazi alimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Yule mama alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

Tangu hapo namwambia kila mteja kabla sijafungua kikopo. Wengine wanashtuka, wanashika tama, halafu wanasema nipake tu. Wengine hawajarudi.

Baada ya wiki tatu yule mama aliingia, akaketi.

"Mchungaji amesema katazo iko ya kula," akaniambia. "Lakini minye moyo wangu bado unakataa."

Aliomba kuiona jeli. Akaisogeza puani, akanusa kwa muda mrefu, akanirudishia. Nikachukua chupa ya mafuta ya kawaida, nikaanza kumsuka.